Gari la Mgeni: Faini za Vifaa vya Gari kwa Madereva wa Majimbo Mengine Nchini Marekani

Faini ya vifaa vya gari nchini Marekani haihusu jinsi dereva alivyoendesha, bali hali ya gari lenyewe: taa ya breki iliyoungua, kioo cheusi kupita kiasi, madigadi yaliyokatika, eksozi yenye kelele, kibao cha namba kilichofichwa. Kwa mwenyeji wa jimbo hilo shauri ni dogo. Hubadilisha balbu, huonyesha risiti, mambo yakaisha. Kwa dereva aliyetoka jimbo jingine mambo ni tofauti, kwa sababu gari lake huenda ni halali kabisa huko alikotoka. Baina ya majimbo hakuna geti wala forodha. Kibao kando ya njia humkaribisha msafiri, na kuanzia hapo yuko chini ya sheria nyingine ya taa, vioo na matairi. Majimbo yalikubali mapema kuheshimiana kwa karatasi. Kuheshimiana kwa vyuma na vioo yalichelewa mno, na mengine hayajakubali hadi leo.

Karatasi zenyewe zilianza mwaka 1901, New York ilipokuwa jimbo la kwanza kuwalazimisha wenye magari kujiandikisha. Serikali haikutoa vibao. Kila mtu alijitengenezea chake, kwa ngozi, mbao au chuma, akaweka herufi za mwanzo za jina lake nyuma ya gari. Massachusetts ndiyo iliyotangulia kutoa vibao vya serikali, mwaka 1903, vya chuma kilichopakwa enameli. Connecticut nayo, mwaka uleule wa 1901, ilitunga sheria ya kwanza ya jimbo kuhusu mwendo wa magari: maili 12 kwa saa mjini, 15 nje ya mji. Polepole yakaongezwa masharti ya breki, honi na taa za usiku. Hakuna jimbo lililomwuliza jirani yake kabla ya kutunga, na dereva aliyeishi karibu na mpaka alijikuta akilipia usajili mara mbili au tatu. Magari ya miaka hiyo yalionekana barabarani yakiwa na vibao vya majimbo kadhaa, kimoja chini ya kingine.

Kesi iliyofungua mjadala huu ilianza Julai 1910. Mkazi mmoja wa Washington, John T. Hendrick, alitoka ofisini kwake mjini humo akiendesha gari lake mwenyewe, akaingia Wilaya ya Prince George's katika jimbo la Maryland. Alikamatwa kwa kukosa cheti cha usajili cha Maryland. Sheria ya jimbo hilo iliwaachia wageni wa majimbo mengine siku chache za kutembea bure, lakini ilimwacha nje ya ukarimu huo mkazi wa mji mkuu wa taifa, ambao uko mlangoni mwa Maryland. Hendrick alitozwa faini, akakata rufaa, na shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Uamuzi ulitoka Januari 1915, akashindwa. Mahakama ilisema kwamba maadamu Bunge la taifa halijatunga sheria yake, kila jimbo lina haki ya kusimamia magari katika barabara zake na kuyatoza ada, hata yale yanayopita tu.

Mwaka uliofuata Mahakama ilirudia msimamo huo katika kesi ya Kane, mkazi wa New York aliyekuwa akikatiza New Jersey kuelekea Pennsylvania. New Jersey haikumdai usajili peke yake. Ilimtaka pia amteue waziri wa jimbo hilo kuwa wakala wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yake. Mahakama haikuona ubaya. Mwaka 1927, katika kesi ya Hess, ikaenda mbali zaidi: Massachusetts iliruhusiwa kumhesabu dereva mgeni kuwa amekubali uteuzi wa namna hiyo kwa kule kuendesha tu ndani ya jimbo, bila kusaini chochote. Tangu hapo mgeni hakuweza tena kujitetea kwa kusema kwamba yeye si wa huko.

Kwa upande wa usajili, ukali huo haukudumu. Chama cha wenye magari, AAA, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1902, kilipiga kelele kwa miaka mingi kudai usajili wa kitaifa. Hakikuupata, lakini majimbo yenyewe yalitambua kwamba kumtoza mtalii ni kumfukuza. Moja baada ya jingine yalikubali vibao na leseni vya mwenzake kwa masharti ya nipe nikupe. Mwaka 1924 Herbert Hoover, wakati huo Waziri wa Biashara, aliitisha mkutano wa kitaifa wa usalama barabarani, na kutokana na juhudi hizo ikatoka, mwaka 1926, sheria ya mfano ambayo kila jimbo liliombwa kuiga. Ni ya mfano tu. Jimbo lilichukua kifungu lililokipenda na kukiacha kingine. Vifungu vya kutambua leseni na usajili wa mgeni viliigwa haraka. Vifungu vya taa na vioo viliigwa kwa kuchaguachagua.

Taa za mbele zilionyesha mapema tatizo liko wapi. Katika miaka ya 1910 na 1920 baadhi ya majimbo yalikuwa na orodha zake za lenzi zilizoidhinishwa, kwa kuwa mwanga mkali ulikuwa ukiwapofusha madereva wanaokutana usiku. Lenzi iliyopita jimbo moja ilikataliwa jimbo la pili, na msafiri hakubeba lenzi za akiba kwa kila mpaka. Tatizo hilo lilikuja kupungua kiwandani. Kuanzia magari ya mwaka 1940 watengenezaji na majimbo walikubaliana kutumia taa ya aina moja iliyofungwa, yenye kipimo kimoja nchi nzima. Makubaliano ya namna hiyo yalikuwa nadra. Kwa vifaa vingine kila jimbo liliendelea kivyake, na waliobeba mzigo mkubwa walikuwa wenye malori, ambao kazi yao ni kuvuka mipaka kila siku.

Mwanzoni mahakama hazikuwasaidia. South Carolina, kwa sheria ya mwaka 1933, ilipiga marufuku malori yenye upana unaozidi inchi 90 au uzito unaozidi ratili 20,000, ingawa asilimia 85 hadi 90 ya malori ya safari za majimbo yalikuwa na upana wa inchi 96 na uzito uliopita tani kumi. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu iliipa South Carolina ushindi: barabara ni za jimbo, na jimbo ndilo linalojua zinavumilia nini.

Mabadiliko yaliletwa na madigadi. Mwaka 1957 Illinois ilitunga sheria kwamba kila lori na tela liwe na madigadi ya kupinda, yanayofuata umbo la gurudumu. Madigadi ya kawaida, yale yanayoning'inia wima nyuma ya tairi, yalikuwa halali katika majimbo yasiyopungua 45. Arkansas ilikuwa kinyume kabisa cha Illinois: huko madigadi ya wima yalikuwa lazima. Tela lililopaswa kupita majimbo yote mawili kwa hiyo halikuweza kuwa halali kotekote, na mwenyewe alipaswa kuchagua atavunja sheria wapi, au asimamishe safari abadilishe madigadi. Kubadilisha nako si kazi ya kufungua bolti mbili. Kufunga au kuondoa jozi ya kupinda kulichukua saa mbili hadi nne, na mara nyingine kulihitaji kukata na kuchomelea, jambo la hatari ikiwa ndani ya tela kuna mzigo wa kulipuka. Isitoshe, makampuni ya malori yalikuwa yakipokezana matela, moja likikabidhi tela kwa jingine bila kushusha mzigo. Mwenye tela hakujua wiki ijayo litakuwa njia gani. Ili kuwa salama angelazimika kuyavalisha matela yake yote madigadi ya Illinois. Kwa makampuni yaliyoshitaki, gharama ya kuanzia tu ilikadiriwa kuwa kati ya dola 4,500 na 45,840.

Mei 1959 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo katika kesi inayojulikana kwa majina ya Bibb na kampuni ya malori ya Navajo. Jaji William O. Douglas aliandika uamuzi. Mahakama ya chini ilikuwa imekwisha kuona kwamba madigadi ya kupinda hayana faida yoyote kuliko ya wima, tena yanaongeza joto kwenye ngoma za breki na huweza kuanguka barabarani. Douglas alikubali kwamba sheria za usalama za majimbo huhesabiwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vingine, na kwamba gharama peke yake haitoshi kuzivunja. Kilichoiangusha Illinois ni mgongano na Arkansas pamoja na ucheleweshaji wa biashara baina ya majimbo, ambayo Katiba imeiweka mikononi mwa Bunge la taifa. Ni mojawapo ya kesi chache ambazo kanuni ya usalama isiyombagua mgeni hata kidogo kwa maneno yake ilionekana kumwonea kwa matokeo yake. Mwenye gari dogo la safari zake binafsi, hata hivyo, hakupata mengi kutokana na ushindi huo. Ulikuwa wa mfanyabiashara wa masafa aliyeweza kuleta mahakamani hesabu za tela kwa tela.

Bunge la taifa liliingilia kati Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya usalama wa magari. Viwango vya kwanza vya taifa vilianza kutumika tarehe 1 Januari 1968, vikiwemo vya taa na vioo. Sheria ilitamka kwamba pale penye kiwango cha taifa, jimbo haliwezi kuwa na kiwango tofauti juu ya jambo lilelile. Maneno hayo yalionekana kama mwisho wa ugomvi, lakini mwaka 1969 yakapimwa. Chrysler ilikuwa ikiuza baadhi ya magari ya Dodge yakiwa na taa ya ziada iitwayo Super Lite, iliyowekwa mbele upande wa dereva ili kuongeza mwanga kwenye barabara kuu bila kuwasha taa kubwa. New York na Vermont ziliikataa. Chrysler ilidai kwamba taifa limekwisha kulizungumzia jambo la taa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikajibu kwamba kiwango cha taifa hakikuizungumzia taa ya aina hii, kwa hiyo majimbo yana haki ya kuizuia. Gari jipya kutoka kiwandani, lililouzwa kihalali, likabaki na taa isiyotakiwa katika majimbo mawili.

Somo la kesi hiyo limefaidiwa zaidi na waendesha pikipiki. Kiwango cha taifa cha taa kinaruhusu wazi taa ya mbele ya pikipiki inayopandisha na kushusha mwanga mchana ili ionekane, mradi ipigepige mara 240 kwa dakika, au zaidi au pungufu kwa 40, na iwe na kihisi cha kuizuia gizani. Kwa kuwa taifa limelisema jambo lenyewe, jimbo haliwezi kulikataza. Askari wengi hawalijui hilo, wakadhani ni taa ya magari ya dharura. Ndiyo maana baadhi ya waendeshaji wa safari ndefu huweka nakala ya kifungu hicho chini ya kiti pamoja na karatasi za bima, wamwonyeshe askari papo hapo barabarani. Katika mashauri yote ya vifaa, pengine hakuna lililo rahisi zaidi kwa mgeni kushinda.

Vioo vya giza ni kinyume chake. Kiwango cha taifa kinataka kioo anachohitaji dereva kuonea kipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, lakini kinamfunga mtengenezaji. Mwaka 1974 sheria iliongezwa ili kuwakataza pia wauzaji na mafundi wa biashara kuharibu kifaa cha usalama kilichowekwa kiwandani. Mwenye gari mwenyewe haikumtaja, na hapo majimbo yakapata uwanja mpana. Florida inaruhusu vioo vya pembeni vya mbele vishuke hadi asilimia 28, Texas 25, Virginia 50; New York inashikilia 70. Kwa kuwa kioo kitupu cha kiwandani mara nyingi hupitisha kati ya asilimia 70 na 80, karibu utando wowote unaoongezwa humtia mwenye gari hatiani New York. Kipimo hufanyika pale pale njiani: dereva huteremsha kioo nusu, askari hukivisha kifaa kidogo kama kibanio, na namba ya asilimia hutokea. Ubishi juu ya namba hiyo huwa mgumu. Utetezi wa kwamba gari ni la Florida hausaidii, maana sheria ya New York inasema juu ya gari lolote lililo katika barabara ya umma, si gari lililosajiliwa humo.

Tofauti ya maneno hayo machache ndiyo inayoamua mashauri mengi. North Carolina iliandika ndani ya sheria yake kwamba gari lililosajiliwa kwingine na linalotimiza masharti ya vioo ya huko kwao haliguswi. Minnesota, iliyopiga marufuku matairi yenye misumari ya chuma kwa sababu yanachimba lami, inampa mgeni anayetoka jimbo linaloyaruhusu siku 30 katika kipindi cha miezi sita. Kuhusu vibao vya namba, ule ukarimu wa zamani umebaki: gari la Pennsylvania au Florida, majimbo yanayotoa kibao cha nyuma pekee, haliwezi kudaiwa kibao cha mbele ambacho halikupewa. Virginia, kwa upande wake, inakataza vifaa vya kunusa rada za polisi ndani ya magari, na dereva anayekitumia kwao bila wasiwasi huandikiwa akivuka tu mpaka.

Kushinda hoja ni jambo moja. Kufika mahakamani kuisema ni jingine, na kwa karne nzima umbali ndio uliokuwa adui mkubwa wa dereva mgeni. Kabla ya miaka ya 1970 aliyesimamishwa nje ya jimbo lake kwa kawaida aliwekewa dhamana ya fedha taslimu palepale, au akapelekwa kwa hakimu wa kijiji aliyelipwa kutokana na ada za kesi zenyewe. Wengi walilipa wakaondoka. Katika kijiji cha Monroeville, Ohio, ambako meya ndiye aliyekuwa hakimu, faini na ada za mahakama yake mwaka 1964 zilifika dola 23,589.50, katika mapato ya kijiji ya dola 46,355.38. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1972, katika kesi ya dereva aliyetozwa dola 50 kwa kila moja ya makosa mawili, kwamba meya anayetegemea faini kuendesha kijiji hawezi kuhesabiwa kuwa hakimu asiyependelea.

Mwaka 1977 ulianzishwa mkataba wa majimbo kuhusu wakosaji wasio wakazi, ambao hatimaye majimbo 44 pamoja na mji wa Washington yalijiunga nao. California na Michigan ni miongoni mwa yaliyobaki nje. Chini ya mkataba huo mgeni husaini ahadi ya kushughulikia shauri lake, akaachiwa aendelee na safari bila kuweka fedha. Asiposhughulikia, jimbo lililomwandikia hulijulisha jimbo lake, na leseni yake husimamishwa hadi atimize. Makosa ya maegesho na ya uzito wa malori hayamo. Kwa upande mmoja mkataba uliondoa udhalili wa kutoa pesa kando ya barabara. Kwa upande mwingine ulifunga njia ya zamani ya kuitupa karatasi dirishani baada ya kuvuka mpaka.

Kwa makosa yanayorekebishika, majimbo kadhaa yameweka njia fupi, ingawa yamezipima kwa miguu ya mwenyeji. California hutoa hati ya kumtaka mtu atengeneze. Akithibitishiwa na afisa kwamba kasoro imekwisha, shauri hufutwa kwa ada ya dola 25. Dereva aliyekwisha kurudi kwao hulazimika kutafuta afisa wa kumsainia, naye afisa huyo hafungwi na sheria ya California. New York hufuta shauri la taa ikiwa imetengenezwa kabla ya kupita nusu saa baada ya machweo ya siku ya kwanza kamili ya kazi inayofuata, na ushahidi wa gereji ukawasilishwa. Aliyeandikiwa Ijumaa usiku ana hadi Jumatatu jioni, kwa kawaida. Kwa mwenyeji muda huo unatosha. Aliye njiani kwenda mbali afadhali anunue balbu mji unaofuata na kuitunza risiti, maana fundi wa kwao atamwandikia tarehe iliyochelewa. California pia humruhusu mshitakiwa kutoa utetezi kwa maandishi baada ya kuweka kiasi cha faini kama dhamana. Akishindwa anaweza kuomba kesi isikilizwe upya ana kwa ana. Kwingine huwakilishwa na wakili, ambaye malipo yake aghalabu huizidi faini.

Tangu mwaka 1979 kasoro ya kifaa imepata uzito mwingine. Mwaka huo, katika kesi iliyotoka Delaware, Mahakama ya Juu iliwakataza askari kusimamisha magari ovyo ili kukagua leseni; pawepo sababu. Taa iliyoungua ni sababu, na mwaka 1996 Mahakama hiyohiyo iliongeza kwamba nia halisi ya askari haijalishi ikiwa kosa la barabarani lipo kweli. Kesi ya Heien ilitokea North Carolina Aprili 2009: gari lilisimamishwa kwa taa moja ya breki isiyowaka, likapekuliwa, likakutwa na dawa za kulevya. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilisoma sheria ikakuta inadai taa moja tu ya breki ifanye kazi, nayo ilikuwa ikiwaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilisema kwamba askari aliyekosea kuielewa sheria kwa namna inayokubalika kiakili hakuvunja Katiba kwa kulisimamisha gari. Kosa kama hilo haliwezi kuhalalisha adhabu ya taa yenyewe, lakini upekuzi ulibaki halali. Mgeni mwenye kifaa halali ambaye askari alidhani ni kosa anaweza hivyo kushinda shauri la kifaa na kushindwa yale yaliyofuata.

Baadhi ya serikali zimeanza kupunguza kusimamisha magari kwa sababu hizo. Kuanzia Machi 2021 Virginia iliwakataza askari wake kusimamisha gari kwa sababu tu ya kasoro kama vioo vya giza, eksozi yenye kelele au kitu kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani. Mji wa Philadelphia ulifuata kwa sheria ya mji iliyoanza kutumika Machi 2022, ikihusu makosa madogo kama taa moja ya breki. Makosa yenyewe hayakufutwa, na gari la jimbo jingine likisimamishwa Virginia kwa mwendo wa kasi, kioo chake bado kinaweza kuandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.